Usafishaji wa protini ni nini?

Kusafisha protini ni kuitenga protini moja na zote zilizochanganyika nayo, huku ikibaki na umbo lake na uwezo wake wa kufanya kazi. Sharti hilo la pili ndilo gumu. Joto, tindikali kali, hata kukoroga hadi povu lijae, vyote huweza kulivuruga umbo la protini, na mtafiti akaishia na kitu safi kisichofanya kazi yoyote.

Mtafiti wa chakula hana njia ya kuikwepa kazi hii. Bila kutenga, huwezi kusema kwa uhakika ni protini ipi inayoleta mzio, ipi inayoshikilia povu, au ni kimeng'enya kipi kinachoharibu ladha.

Tuchukue lisozaimu ya ute wa yai, kimeng'enya kinachovunja kuta za bakteria, ambacho Alexander Fleming alikitangaza mwaka 1922. Ute una protini kama asilimia 10 ya uzito wake, na lisozaimu ni kama asilimia 3.4 tu ya protini hizo. Ovalbumini, protini nyingine ya ute, peke yake ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo yai lenye ute wa gramu 33 lina lisozaimu ya miligramu 110 hadi 120 hivi.

Kinachotusaidia hapa ni chaji. Kila protini ina kiwango chake cha pH (kipimo cha tindikali) ambapo chaji chanya na hasi zinalingana. Chini ya kiwango hicho hubeba chaji chanya, juu yake hasi. Cha ovalbumini ni karibu 4.5, cha lisozaimu karibu 10.7. Ukiziweka zote kwenye bafa (kimiminika kinachozuia pH isibadilike) ya pH 8, ovalbumini inakuwa hasi na lisozaimu chanya. Pitisha mchanganyiko huo kwenye kolamu, yaani mrija uliojazwa resini (chembe ndogo) ya chaji hasi: lisozaimu inanata, ovalbumini inapita.

Kwa vitendo, ute hukorogwa polepole na kuzimuliwa kwa bafa ya milimola 50, mara tatu au nne ya ujazo wake. Nyuzi nyeupe zitajitokeza; hizo ni ovomusini, protini nyingine ya ute, na zisipoondolewa zitaziba kolamu. Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya 10,000 g kwa dakika 20, kisha pitisha maji yaliyobaki juu ya mashapo kwenye kolamu taratibu. Osha kwa bafa ileile mpaka usomaji wa mwanga wa nanomita 280, ambao protini huufyonza, urudi chini na kutulia, ndipo upandishe chumvi ya kawaida kutoka sifuri hadi mola 0.5. Chumvi hushindana na protini kwenye resini na kuing'oa. Kwa sababu hiyohiyo, sampuli iliyoingia ikiwa na chumvi nyingi haitanata kabisa. Usimwage chochote, hata kile kilichopita bila kunata, kabla ya kukipima.

Bafa ya Tris, mojawapo ya zinazotumika sana, ina tabia ya kuangaliwa: pH yake hupanda karibu 0.03 kwa kila digrii moja ya joto inayoshuka. Ukiirekebisha iwe 8.0 kwenye nyuzi 25 kisha ukafanya kazi kwenye chumba cha nyuzi 4, una karibu 8.6. Lisozaimu itavumilia, lakini protini ambayo kiwango chake kiko karibu na hapo inaweza kugeuka chaji.

Usafi hupimwa kwa kugawanya yuniti za utendaji kwa miligramu za protini, katika kila hatua. Uwiano huo ukipanda, unasafisha. Jumla ya yuniti ikishuka, unapoteza. Hatua tano zinazobakiza asilimia 80 kila moja zitakuachia kama theluthi moja tu, ndiyo maana hatua chache zilizochaguliwa vizuri ni bora kuliko nyingi.

Uwiano huu pia hufichua makosa. Lisozaimu ikiwa asilimia 3.4 mwanzoni, haiwezi kusafishwa zaidi ya mara 29 hivi. Jedwali likionyesha mara 60, kipimo kimekosewa. Mara nyingi kosa liko kwenye miligramu. Kosa hilo huweza pia kuelekea upande wa pili: lisozaimu safi ya miligramu 1 kwa mililita husoma karibu 2.6 kwenye nanomita 280, ilhali ovalbumini husoma karibu 0.7. Anayechukulia kwamba 1 ni sawa na miligramu 1 kwa kila protini ataiona lisozaimu yake kuwa nyingi kuliko ilivyo, na utendaji wake kwa miligramu kuwa dhaifu kuliko ulivyo.

Mwisho ni avidini, protini nyingine ya ute. Ni chache mno kwenye ute, ila kiwango chake cha chaji ni karibu 10, hivyo hunata pamoja na lisozaimu. Kwenye jeli ya elektroforesisi (inayotenganisha protini kwa umeme) yenye SDS, sabuni inayozikunjua protini, huvunjika vipande vinne vya daltoni (kipimo cha uzito wa molekuli) 16,000 hivi, jirani na lisozaimu yenye 14,300, na mistari miwili ikiwa minene inaweza kuonekana kama mmoja. Bila SDS, vipande hivyo hubaki vimeshikana na kufikia karibu 67,000. Kolamu ya kutenganisha kwa ukubwa huipitisha avidini kwanza, na lisozaimu hutoka nyuma yake.