Ribiti za Ndege ya Kujiundia: Fuata Mchoro, Si Kifaa Ulichonacho

Malalamiko yanayofika ofisini siku hizi kutoka kwa wanaojiundia ndege yanafanana: mkaguzi amekataa bawa zima kwa ajili ya ribiti, zile pini fupi zinazounganisha mabati. Hakuna anayekataa bawa kwa kukomoa mtu. Tunachokataa ni ribiti iliyochaguliwa kwa kuangalia kifaa kilichopo karakanani badala ya mchoro.

Ndege ya Zenith CH 750 imebuniwa kwa ribiti za kuvuta, zinazofungwa kutoka upande mmoja kwa kuvuta msumari wake wa ndani. Ndege ya Van's RV-7 imebuniwa kwa ribiti za kugonga, ambazo mkia wake hugongwa mpaka uumbike kichwa cha pili. Usibadilishe aina bila maandishi ya mbunifu. Na zile za kuvuta zinazouzwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi, tafadhali, ziishie kwenye mifereji ya maji. Tumelisema hili mpaka tumechoka.

Ukitaka kichwa cha ribiti kilale sawa na ngozi ya ndege, bati la milimita 0.5 au 0.6 halichongwi mdomo wa tundu. Ukichonga, ukingo unabaki mkali kama wembe na tundu linapanuka. Bati hilo hubonyezwa kwa jozi ya vibonyezo, dume na jike, baada ya kuondoa makombo yaliyoachwa na keekee ukingoni mwa tundu, maana ufa huanzia hapo. Kuchonga kunaanza kufaa kwenye milimita 0.8, kwa ribiti ya kipenyo cha milimita 2.4.

Wengine huweka ribiti nene "ili ishike zaidi". Haishiki zaidi, nguvu ya kuigonga inalikunja bati.

Kwa ribiti hiyo ya 2.4, kichwa kinachoumbika kwa kugongwa kiwe na upana wa milimita 3.6 na kimo 1.2. Toka katikati ya tundu hadi ukingo wa bati isipungue 4.8. Tunapima kwa geji, hatukadirii. Ikiwa kasoro ni ndogo, muulize mkaguzi kabla ya kuing'oa ribiti, kwani mara nyingi kung'oa ndiko kunakoharibu tundu. Ikibidi, toboa kichwa cha kiwandani tu ukifuata kishimo kilicho katikati yake, kivunje, kisha usukume mkia huku bati limeegemezwa kwa nyuma.

Tuite kabla ya kufunga sehemu yoyote. Andaa daftari la ujenzi lenye tarehe, picha za kila hatua na namba ya ukurasa wa mchoro. Sehemu iliyofungwa bila kukaguliwa hufunguliwa kwa gharama ya mwenyewe, na faili halisogei mpaka ifunguliwe. Picha za simu zinakubalika, mradi geji ionekane juu ya ribiti.