Damu inayochukuliwa na watafiti haiuzwi

Bagamoyo na Tanga bado wapo wanaoamini kwamba watafiti wa afya ni mumiani, wanachukua damu za watoto wakaziuze. Hofu hii ni ya tangu enzi za ukoloni, na mzazi anayeona mwanawe akichomwa sindano ana haki kabisa ya kuuliza: damu inakwenda wapi?

Kichupa kimoja hubeba mililita chache tu, ilhali mtu mzima ana takriban lita 5 mwilini. Chenye kifuniko cha zambarau kina kemikali ya EDTA, inayokamata kalsiamu ili damu isigande. Hapo mashine huhesabu chembe za damu. Kwenye kifuniko chekundu damu huachwa igande, kisha huzungushwa kwa kasi, na majimaji ya manjano yanayobaki juu ndiyo hupimwa kingamwili. Damu ya vichupa hivi haifai kuongezewa mgonjwa. Ile ya kuongezea hukusanywa kwenye mfuko wa mililita 450 hivi, tena kwa utaratibu mwingine kabisa.

Mzazi huelezwa kwanza, akiridhika ndipo anatia saini, na anaweza kumtoa mtoto kwenye utafiti wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Ukiona haya hayafanyiki, kataa.

Utafiti wa namna hii huzaa matunda: Korogwe, mkoani Tanga, na Bagamoyo vilikuwa kati ya vituo 11 vya Afrika vilivyoijaribu kwa watoto chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia 2009. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike.