Kuuza kampuni: umeuza hisa au umeuza mali?

Mtu akikwambia "nimeuza kampuni kwa shilingi milioni 12," bado hajakwambia ameuza nini. Kisheria kampuni ni mtu kamili: ina PIN (namba ya mlipakodi) yake, madeni yake, akaunti yake benki. Mwenyewe ana hisa tu. Kwa hiyo anaweza kuuza hisa zake, au kampuni ikauza mali yake, na njia hizi mbili hutozwa kodi tofauti kabisa.

Tuchukue mfano wa kampuni ya kuoka mikate mjini Nakuru, Kenya. Mwenyewe alitia mtaji wa milioni 2. Sasa wamekubaliana na mnunuzi kwamba biashara ina thamani ya milioni 12, "bila taslimu wala deni". Maneno hayo machache yana uzito: maana yake thamani hiyo haijahesabu pesa zilizo benki wala mkopo. Oveni ilinunuliwa kwa mkopo na milioni 3 hazijalipwa. Benki kuna milioni 1. Toa deni, ongeza taslimu: bei ya hisa ni milioni 10.

Akiuza hisa, oveni haihami, gari la kusambazia mikate halihami, wafanyakazi hawaandikiwi barua mpya. Kinachobadilika ni jina kwenye daftari la wanahisa. Faida ya muuzaji, ukitoa mtaji wake wa milioni 2, ni milioni 8, nayo hutozwa kodi ya ongezeko la mtaji ya 15%, yaani milioni 1.2. (Usiichanganye na kodi ya ongezeko la thamani, VAT, majina yanafanana lakini ni kodi mbili mbalimbali.) Kenya iliirudisha kodi hii mwaka 2015 kwa 5%, na tangu Januari 2023 ni 15%, kwa hiyo hesabu uliyopigiwa na jirani aliyeuza miaka ile haikufai tena. Mnunuzi naye hulipa ushuru wa stempu, 1% ya thamani ya hisa.

Kampuni ikiuza mali, pesa huingia kwenye akaunti ya kampuni, si ya mwenyewe, na hapo ndipo wengi huumia. Kwanza kampuni hulipa kodi yake. Faida ya kawaida ya biashara hutozwa 30%. Kinachobaki, mwenyewe akikichukua kama gawio (mgao wa faida kwa wanahisa), hukatwa 5% nyingine ikiwa ni mkazi wa Kenya. Akizichota tu pesa hizo kwa sababu "kampuni ni yangu", anajitafutia kesi.

Kwa nini basi wanunuzi wengi hupendelea mali? Kwa sababu hisa huja na historia. Kama kampuni haikupeleka PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi, miaka mitatu iliyopita, mdaiwa ni kampuni, na kampuni sasa ni yako. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, inaweza kurudi nyuma miaka 5, na zaidi pakiwa na udanganyifu. Ndiyo maana sehemu ya bei huachwa kwenye akaunti ya amana mikononi mwa mawakili kwa muda waliokubaliana, ili deni la zamani likifufuka lilipwe humo. Muuzaji asilione hilo kama tusi. Ni bora kulijadili mezani kuliko kushtakiana baadaye.

Mpaka wa nchi ukiingia, mambo huwa magumu zaidi. Mwaka 2010 kampuni ya simu ya Zain iliiuzia Bharti Airtel ya India mitandao yake ya simu katika nchi nyingi za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Hisa zilizouzwa zilikuwa za kampuni ya Uholanzi. Minara ya Uganda haikuguswa kwenye karatasi. Mamlaka ya kodi ya Uganda, URA, ilidai kodi ya takriban dola milioni 85. Mahakama Kuu iliipa Zain ushindi, lakini mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikasema URA ina mamlaka ya kuitoza.

Tanzania ilibadilisha sheria yake mwaka 2012: umiliki ukibadilika kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka 3, kampuni huhesabiwa kuwa imeuza mali zake zote na kuzinunua upya, hata kama hati zilisainiwa ng'ambo. Kodi hiyo hudaiwa kampuni iliyoko Tanzania, si muuzaji aliyekwisha pokea pesa zake, kwa hiyo mnunuzi makini huhakikisha imekatwa kwenye bei kabla hajatia saini.