Sahani nyeupe kwenye boti ya Jumapili

Mzee mmoja wa Bangwe, hapa Kigoma, fundi mstaafu mwenye boti ndogo ya faiba, alinijia ofisini na daftari la shule lililolowa pembeni. "Mwanangu," akasema, "nimesikia unatafuta watu wanaoandika habari za maji. Sijui kama haya yana maana." Nikalifungua. Karibu kila Jumapili kwa miaka miwili alikuwa ameandika tarehe, saa, upepo umetoka wapi, na maneno machache: "maji safi, mawe yanaonekana" au "maji ya kijani, nanga imepotea mapema".

Nililisoma hadi usiku. Sehemu kubwa ya kipindi kile rekodi zetu sisi wataalamu wa ziwa hazina kitu, maana fedha za mafuta ya boti ya utafiti zilikatika na tukakaa nchi kavu miezi mingi. Pengo la namna hiyo halizibiki tena. Hakuna anayeweza kurudi kupima maji ya mwaka juzi.

Kwa hiyo leo naandika kwa ajili yenu mnaoingia Ziwa Tanganyika kwa mapumziko: mwenye boti anayekwenda kutupa ndoana siku ya wikiendi, mwenye hoteli anayepeleka wageni Gombe, familia inayokwenda ufukwe wa Jakobsen na masufuria ya chakula. Mna kitu ambacho hata taasisi kubwa hukikosa, nacho ni kurudi mahali palepale. Mvuvi humfuata samaki, leo huku, kesho kule. Mtafiti hufuata bajeti. Ninyi mna mwamba wenu na ghuba yenu mnayoipenda, na ziwa hueleweka kwa kipimo kilekile kinachorudiwa mahali palepale mwaka baada ya mwaka.

Kwenye bahari kuu jambo hili, la vyombo visivyo vya utafiti kusaidia kupima maji, lina historia ndefu. Tarehe 20 Aprili 1865 padri Angelo Secchi, mwanafalaki wa Roma, alishusha sahani nyeupe ndani ya Mediterania ili aone inapotelea kina gani. Chombo alichokuwa amepanda ni yoti ya Papa. Tangu 1931 meli za biashara zimekuwa zikivuta nyuma yake kifaa kinachonasa planktoni, yaani viumbe wadogo mno wanaoelea majini, na rekodi hiyo ni miongoni mwa ndefu kuliko zote za bahari. (Kila nikiikumbuka nawaza meli yetu, Liemba. Laiti angevuta kifaa kama hicho safari zake zote kati ya Kigoma na Mpulungu!) Mwaka 1997 nahodha Charles Moore, akirudi California kutoka kwenye mashindano ya mashua yaliyoishia Hawaii, alipita katikati ya plastiki nyingi zilizotapakaa kwenye Pasifiki, na dunia ikaanza kulizungumzia tatizo hilo kwa uzito. Kisha 2013 mabaharia wa yoti walianza kushusha sahani ya Secchi katika bahari mbalimbali na kutuma vipimo kwa simu.

Sahani hiyo unaweza kuitengeneza hapa Kigoma kwa asubuhi moja. Kata duara la bati au plastiki ngumu lenye upana wa sentimita 30, lipake rangi nyeupe isiyong'aa, toboa katikati, upitishe kamba na ufunge uzito chini yake ili izame moja kwa moja ikiwa imelala bapa. Weka alama kwenye kamba kila nusu mita. Angalizo: kamba ya nailoni hurefuka ikilowa, hivyo iloweke kwanza ndipo upime alama zako, na uzihakiki tena kila baada ya miezi michache. Pima kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa juu, ukiwa upande wa boti wenye kivuli na umevua miwani ya jua. Zima mashine. Shusha polepole. Utaiona sahani ikiwa nyeupe kabisa, kisha inageuka samawati ya kijani, inabaki kama sarafu, halafu kama kivuli cha sarafu, na mara haipo. Andika kina hicho. Ivute juu hadi ionekane tena, andika na hicho. Wastani wa viwili hivyo ndio kipimo chako.

Kwa nini tunahangaika na namba hiyo? Ukiwa mbali na midomo ya mito, kinachoyapunguzia maji uangavu zaidi ni mimea midogo inayoelea, na hiyo ndiyo chakula cha wadudu wa majini wanaoliwa na dagaa. Dagaa nao huliwa na migebuka. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na sehemu kubwa ya rutuba yake imelala chini kwenye maji baridi yasiyo na oksijeni. Kusi ikivuma, kuanzia Mei hadi Septemba, husukuma maji ya juu yenye joto kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji ya chini hupanda na rutuba yake. Ziwa likipata joto, tabaka la juu huwa jepesi zaidi na upepo hushindwa kulichanganya na la chini. Tafiti mbili zilizotoka 2003 zilionyesha kuwa hilo limeshaanza. Ndiyo maana miezi ya kusi ndiyo tunayoitamani zaidi, na ndiyo migumu: mawimbi ni makali, na mwaka 2024 uvuvi ulifungwa upande wetu kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Naunga mkono hatua hiyo. Lakini wavuvi, ambao ndio hutupa habari za maji kila siku, walikuwa nyumbani.

Karibu na mito ya Luiche na Malagarasi msimu wa mvua hadithi ni nyingine. Huko sahani hupotea upesi kwa sababu ya udongo uliotoka mashambani na kwenye milima iliyokatwa miti. Andika "tope" pembeni ya namba, tafadhali, ili tusidhani ni mimea.

Mkikutana na konyeza, yaani viumbe laini wenye umbo la mwavuli wanaoelea majini, pigeni picha na muandike mahali. Ndiyo, ziwa letu la maji baridi lina konyeza, wadogo wa ukubwa wa sarafu. Walipoonekana na wageni katika miaka ya 1880, wapo wanasayansi waliodhani ziwa hili liliwahi kuungana na bahari. Dhana hiyo ilikuja kuachwa, ila konyeza wenyewe bado wana mengi ya kutufundisha.

Na nanga. Hapa nawasihi kabisa. Sehemu nyingi za mchanga zina matandiko ya makombe ya konokono waliokufa, na ndani ya makombe hayo wanaishi samaki wadogo wanaotaga humo humo na kulea. Nanga inayoburutwa huzika makazi yao kwa dakika moja. Tazama chini kabla ya kutupa: mchanga mtupu ni sawa, makombe hapana. Mafuta yaliyochanganyika na maji ndani ya boti msiyamwage ziwani, kuna mama anachota maji ya kunywa mita mia mbili kutoka hapo.

Vipimo vyenu mnaweza kuvipeleka kituo cha TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, hapa Kigoma. Daftari linatosha, mradi kila mstari una tarehe, saa, mahali, upepo na kina.

Mzee wa Bangwe nilimpa sahani. Mstari wake wa kwanza wenye namba unasema: "Saa tano na robo, kusi kidogo, mita kumi na moja na nusu. Mjukuu ameiona baada yangu, ana macho mazuri." Tangu hapo mjukuu ndiye anayepima, na mzee anaandika.