Nipe nikupe haimshindi mtu

Nimelisikia tena juzi, safari hii kwa mwezeshaji mwenzangu, mbele ya darasa zima: eti nipe nikupe ni mbinu ya kumshinda kila mpinzani. Hapana! Haimshindi yeyote, na haiwezi.

Mchezo mnaujua. Moja, mbili, tatu, toa kiganja au ngumi. Viganja viwili, kila mmoja pointi 3. Ngumi mbili, moja moja. Ngumi ikikutana na kiganja, mwenye ngumi anachukua 5, mwenzake hapati kitu. Nipe nikupe huanza na kiganja, kisha hurudia alichotoa mwenzake raundi iliyopita. Mwanahisabati Anatol Rapoport ndiye aliyeipeleka kwenye mashindano ya kompyuta ya Robert Axelrod, mtaalamu wa sayansi ya siasa, ikaongoza. Mashindano ya pili ikakutana na mikakati zaidi ya 60, ikaongoza tena.

Sasa tupige hesabu. Raundi 200, wewe nipe nikupe, dhidi ya mtu anayetoa ngumi kila raundi: anakupiga 5 kwa 0 mwanzoni, halafu moja moja hadi mwisho. Yeye 204, wewe 199. Umeshindwa. Nipe nikupe haitoi ngumi kabla ya kupigwa ngumi, kwa hiyo kumpita aliye mbele yake ni muhali. Ikijitahidi sana, sare. Lakini waweke watatu, wawili wa nipe nikupe na mmoja wa ngumi, kila mmoja acheze na kila mmoja. Wale wawili wakikutana wanavuna 600 kila mtu, ongeza 199 za kwa mwenye ngumi, jumla 799. Wa ngumi kawashinda wote wawili, na anaondoka na 408. Hapo ndipo penye somo lote, na ndipo watu wanaporuka!

Geuza idadi, wa ngumi wawili, nipe nikupe peke yake: 404, 404, 398. Anashika mkia. Kwa hiyo msiniambie pia kwamba wema hulipa popote.

Mkono ukiteleza mara moja, wawili wa nipe nikupe wanaanza kulipizana kwa zamu, wastani unashuka hadi 2.5. Ndiyo maana nafundisha kusamehe mara mojamoja. Na idadi ya raundi usiitaje, maana raundi ya mwisho kila mtu atakunja ngumi.

Kinachonisumbua kweli ni pointi zenyewe. Wapo wanaofurahia kumpita jirani kwa 5 kuliko kubeba 600 wakiwa sare. Huyo hachezi mchezo niliouandika ubaoni, na sina hesabu ya kumwonyesha kwamba amekosea.