Maji ndani ya kofia: kwa nini tunadai fishi kwa kila hitilafu ndogo

Kampeni ya Siku ya Usalama Kazini, 28 Aprili, imetuonyesha tena, sisi wa huduma ya usalama, kwamba hapa Lubumbashi fishi (karatasi za kuripoti) za hitilafu ndogo hazijazwi. Vali ya asidi inadondosha matone, mnyororo wa winchi unateleza bila kumgusa mtu, nasi tunapata habari mtu akiwa ameshaungua au kupondwa. Tukiuliza, tunajibiwa: "Siku zote tunafanya hivi na hakuna kilichotokea."

Jibu hilo lina historia, na imeandikwa kwa vifo vya wanaanga.

Roketi za pembeni za chombo cha anga cha Marekani, Challenger, zilizibwa kwenye maungio kwa pete za mpira. Tangu 1981 ilionekana kwamba gesi ya moto huzila pete hizo, lakini kila chombo kilirudi salama, watu wakazoea. Usiku wa kuamkia 28 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi hizo, walishauri chombo kisirushwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 12. Wakubwa wao wakaugeuza ushauri huo. Asubuhi kulikuwa na takriban nyuzi 2. Sekunde 73 baada ya kuruka, chombo kikavunjika angani, na watu 7 waliokuwamo wakafa. Wakati wa uchunguzi, mwanafizikia Richard Feynman alibana kipande cha mpira kama ule, akakitia kwenye glasi ya maji ya barafu mbele ya kamera, kisha akakifungua: kikabaki kimebonyea. Aliandika pia kwamba viongozi walikadiria hatari ya kupoteza chombo kuwa 1 kwa 100,000, na baadhi ya wahandisi karibu 1 kwa 100. Hadi safari za vyombo vya aina hiyo zilipokoma 2011, vyombo viwili vilikuwa vimepotea katika safari 135. Cha pili ni Columbia, 2003, tena watu 7: kipande cha povu gumu lililofunika tangi la mafuta kiligonga bawa, na povu lilikuwa limebanduka mara nyingi kabla ya hapo.

Ninaowasimulia hayo huniambia ajali ni mapenzi ya Mungu. Imani yenu naiheshimu. Lakini mpira uliokakamaa kwa baridi una sababu, na sababu hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi.

Kisa kinachofanana zaidi na karakana zetu ni cha Julai 2013. Mwanaanga Mwitaliano Luca Parmitano alirudi kutoka nje ya kituo cha kimataifa cha anga akiwa na maji kwenye kofia ya vazi lake. Ikasemwa ni kifuko cha maji ya kunywa kimevuja, basi. Wiki moja baadaye akatoka na vazi lilelile. Maji yakapanda kutoka nyuma ya kichwa, yakamfunika macho na pua, akarudi mlangoni kwa kufuata kamba yake ya usalama, karibu azame mahali pasipo na mto. Yalikuwa zaidi ya lita moja, kutoka kwenye mfumo wa kupoza vazi ambao kifaa chake kilikuwa kimeziba.

Kwa hiyo utaratibu wetu ni huu. Fishi hujazwa kabla ya zamu kwisha, nakala tatu: moja kwa shefu wa ekipi (kiongozi wa kikundi chako cha kazi), moja kwa huduma ya usalama, ya tatu unabaki nayo mwenyewe. Shefu anatia sahihi na saa aliyoipokea. Bila saa, tunairudisha. Shefu akikataa kusaini, andika "amekataa", mtu mwingine ashuhudie, uilete kwetu moja kwa moja. Mara ya kwanza shefu huyo hupewa barua ya onyo, mara ya pili husimamishwa kazi. Aliyeripoti hapewi adhabu hata kama kosa ni lake. Anayeadhibiwa ni aliyeficha. Hili tumelisema mara nyingi, na bado tunasikia kwamba fishi ni ya kumshitaki mwenzako.

Usiandike chanzo kama hukijui. Andika ulichokiona, wapi, saa ngapi; kutafuta chanzo ni kazi yetu. Vibarua wa siku moja nao wanajaza fishi hiyohiyo. Wasio na namba ya kazi waandike jina la shefu aliyewapokea.