Fuvu na makazi: modeli ya takwimu inapima nini?

Panya-kangaruu wa majangwa ya Amerika Kaskazini na jerbili, wanyama wadogo wa jamii ya panya wa majangwa ya Afrika na Asia, si ndugu wa karibu. Hata hivyo, mafuvu yao yanafanana kwa jambo moja: kifuko cha mfupa kinachozunguka sikio la kati kimevimba isivyo kawaida. Kifuko kikubwa humsaidia mnyama kusikia sauti nzito, kama mvumo wa mbawa za bundi anayeshuka. Je, ni jangwa lililovivimbisha? Maswali ya namna hii ndiyo kazi ya modeli ya takwimu ya mafuvu: kukadiria ni kiasi gani cha tofauti tunazoziona kinaendana na makazi, na kiasi gani kimetoka kwingine.

Kwanza ni vipimo. Zamani ilitosha kalipa, kifaa cha mkono cha kupimia urefu na upana: urefu wa fuvu, upana wa taya. Siku hizi mtafiti huweka nukta mahali palepale kwenye kila fuvu, mathalani mifupa miwili inapoungana. Kisha mafuvu yote husogezwa, huzungushwa na kufanywa ya ukubwa mmoja mpaka nukta zikaribiane kadiri inavyowezekana. Njia hii imepewa jina la Procrustes, jambazi wa hekaya za Kigiriki aliyewanyoosha au kuwakata wageni ili watoshe kitandani. Kinachobaki ni umbo, nalo ndilo linalopimwa dhidi ya mvua, joto au aina ya uoto.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Kufanya mafuvu yawe ya ukubwa mmoja hakufuti athari ya ukubwa. Katika makundi mengi ya mamalia, spishi kubwa huwa na uso mrefu zaidi kuliko ndugu zao wadogo. Uhusiano huo wa ukubwa na umbo huitwa alometria. Sasa, ikiwa wanyama wakubwa ndio wanaoishi kwenye baridi, kama mwanabiolojia Mjerumani Carl Bergmann alivyodai mwaka 1847, modeli isiyojumuisha ukubwa itaipa baridi sifa isiyo yake.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi, ni ukoo. Spishi 20 za jerbili si mashahidi 20. Ni kama watoto wa mama mmoja wanaosimulia habari waliyoisikia kwake. Mwanabiolojia Mmarekani Joseph Felsenstein alionyesha mwaka 1985 jinsi ya kuuingiza mti wa ukoo katika hesabu, na tangu hapo ulinganishaji wa spishi usiojali nasaba hauaminiki kirahisi. Ndiyo maana panya-kangaruu ana uzito mkubwa katika kesi hii: ni shahidi kutoka ukoo mwingine kabisa.

Hata modeli nzuri huishia kwenye uhusiano. Sababu hutafutwa kwa njia nyingine: watafiti walipopunguza kwa makusudi nafasi ndani ya vifuko vya panya-kangaruu, uwezo wao wa kusikia sauti nzito ulishuka.